Tembea, Keti, Futa: Ushauri kwa Anayetaka Kuandika Haiku

Ukitaka kuandika haiku, lile shairi fupi mno la Kijapani, usianze kwa kutafuta utulivu wa moyo. Naanza na hili kwa sababu ndilo ninaloulizwa mara nyingi na wanaojua kwamba niliwahi kuishi Japani: "Kaka, ulifikaje pale pa kutulia mpaka mashairi yakaja?" Sikufika. Haiku nilizoandika nikiwa nimetulia mno nyingi nimezitupa. Zilizobaki zimetoka kwenye jua, kwenye jasho, kwenye miguu iliyokufa ganzi, na zaidi ya yote kwenye kalamu inayofuta.

Nilizikuta kwa mara ya kwanza kwenye chupa ya chai. Nilikuwa Sendai, mji wa kaskazini mwa Japani, kwa mafunzo ya kazi, na mashine za kuuzia vinywaji huko ziko kila kona. Chupa za chai ya kijani ya kampuni ya Ito En huchapishwa ubavuni mashairi mafupi ya watu wa kawaida: mwanafunzi wa shule ya msingi, bibi aliyekula chumvi nyingi, mtu wa ofisini, kila mmoja na umri wake na mkoa anakotoka. Mashindano ya kuyapata mashairi hayo yapo tangu 1989. Mwenyeji wangu alinisomea moja, akacheka peke yake, mimi nikabaki nimeduwaa. Kwetu shairi lina wenyewe, lina ukumbi na sauti ya kughani. Hapa mtu ananunua chai, anapewa shairi bure, anatupa chupa. Hilo lilinivuta kuliko maelezo yote niliyopewa baadaye juu ya falsafa ya Mashariki.

Basi nikaanza kumfuata Bashō, mshairi mashuhuri kuliko wote wa haiku. Matsuo Bashō alizaliwa Iga mwaka 1644 na kufariki Osaka mwaka 1694. Jina hilo alilichukua kutoka kwenye mgomba, mgomba kabisa, aliopewa na mwanafunzi wake na kuupanda kando ya kibanda chake Fukagawa. Mtu wa Bukoba kama mimi hawezi kulipita hilo kimya. Ila mgomba wake haukuwa wa kuivisha ndizi za kula. Aliupenda kwa majani yake yanayochanika upesi kwa upepo, na kwa kuwa hauna mbao ya kumfaa seremala. Wazee wetu wangemshangaa.

Kutoka Sendai unapanda treni ya njia ya Senzan, inakatiza milima, na baada ya kama saa moja unashuka Yamadera. Ni hekalu lililobandikwa ubavuni mwa mlima, lililoanzishwa mwaka 860 kwa mujibu wa mapokeo yake, na kulifikia juu unapanda ngazi za mawe zaidi ya 1,000. Chini wanauza madonge ya konnyaku, chakula cha kunatanata kitokanacho na kiazi, yaliyochemshwa kwenye mchuzi wa soya na kuchomekwa kijitini kama mishikaki. Kula kabla ya kupanda. Juu hutakuwa na hamu.

Bashō alifika hapo Julai 1689. Hapakuwa kwenye njia yake. Alikuwa mji wa Obanazawa, watu wakamwambia asipite bila kupaona, akageuza safari. Ndipo ikazaliwa haiku ambayo kila Mjapani aliyesoma shule anaijua. Kwa Kiswahili nimeiweka hivi:

Kimya kitupu —
miambani wazama
wimbo wa nyenje.

Nilipanda mwezi huohuo wa Julai, na swali nililokuwa nalo ni lile la kila mtu: kimya gani tena, ilhali nyenje wanalia? Kichwani halijibiki. Ukiwa pale linajijibu. Mlio wa nyenje hauji na kuondoka. Ni mmoja, unatoka kwenye miti yote kwa pamoja, mpaka sikio linakata tamaa ya kuusikiliza. Ndipo unapogundua kuwa hakuna kingine: hakuna gari, hakuna redio, hata mwenzako aliye mbele ameacha kuongea kwa kuhema. Na ile miamba ina matundu. Ni mwamba laini uliotafunwa na mvua na upepo, umejaa vishimo kuanzia vya ukubwa wa ngumi hadi vya kumweka mtoto. Nilitia mkono kwenye kimoja, nikakuta ubaridi na unyevu ndani ilhali nje kunachoma. Kumbe neno "wazama" Bashō hakulitunga kwa ufundi wa lugha tu. Aliona pa kuzamia.

Sasa sikiliza sehemu inayosahauliwa. Haiku hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Sora, mwanafunzi aliyesafiri naye, aliiandika ikiwa bado mbichi, na pale ilianza kwa kulitaja hekalu, na mlio uling'ang'ania juu ya jiwe. Baadaye Bashō akaiandika tena, akaanza na upweke badala ya hekalu. Mwisho kabisa ndipo akafika kwenye kimya. Angalia alivyofuta: kwanza ameondoa jina la mahali, kisha ameondoa alivyojisikia. Safari ile, aliyoiita njia nyembamba ya kuelekea ndani ya kaskazini, ilichukua miezi mitano hivi na kilomita zinazokadiriwa kuwa 2,400. Kitabu chake kilichukua miaka kama mitano kukamilika, na kikachapishwa mwaka 1702 mwenyewe akiwa kaburini. Kwa hiyo ukirudi kutoka safari ya wikiendi na haiku nzuri kumi, zishuku zote.

(Wajapani nao hawakuiacha. Katika miaka ya 1920 mshairi Saitō Mokichi na mhakiki Komiya Toyotaka walibishana hadharani ni nyenje wa aina gani aliyelia siku ile. Watu wakapanda Yamadera kukusanya wadudu majira yaleyale ya mwaka. Mokichi akashindwa, akakubali. Natamani tungebishana hivyo juu ya ndege waliomo kwenye tenzi zetu.)

Juu ya safari nina machache ya kukuambia, na la kwanza ni utembee kwa miguu hata kama ni kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani. Ndani ya gari unaona mandhari. Kwa miguu unakutana na kitu kimoja kimoja, na haiku haina nafasi ya zaidi ya viwili. La pili, usidharau sehemu mbovu za safari. Bashō alilala kwenye nyumba ya mlinzi wa mpaka, akang'atwa na viroboto na chawa, farasi akakojoa karibu na mto wake wa kulalia, na yote hayo yakawa haiku. Lakini alipofika Matsushima, ghuba ya visiwa yenye misonobari ambayo alikuwa akiiota kabla hata hajatoka nyumbani, kitabu hakina haiku yake hata moja juu ya mahali hapo. Iliyomo ni ya Sora. Uzuri ulimzidi. Mimi nimechukulia hiyo kama ruhusa: mahali ambapo kila mtu anapiga picha, piga picha, halafu ugeuke nyuma uangalie anayeuza maji.

Daftari langu la safari halina hisia. Naandika kitu, mahali, mwanga, harufu, basi. "Ndoo ya bluu, kisimani, jani linaelea, asubuhi." Hisia nitazikumbuka hata nisipoziandika, jani silikumbuki. Bashō alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba mambo ya msonobari wajifunze kwa msonobari, na ya mwanzi kwa mwanzi. Ni ushauri wa mtu anayejua kwamba kichwa chetu kina msonobari wake wa tayari, ambao unatoka mbele kabla hatujainua macho.

Hapo ndipo Zen, tawi la Ubuddha la kuketi na kutafakari, inapoingia, na hapo ndipo ninapopata barua za wasomaji wenye wasiwasi. Niseme mapema: mimi ni Mkatoliki na nimebaki Mkatoliki. Hekalu nililokuwa nikienda kuketi asubuhi ya Jumapili halikuniuliza dini wala kunitaka niape chochote. Walipoimba sutra, maandiko yao ya Kibuddha, nilinyamaza. Na kama unahitaji mtangulizi, yupo padri Mjesuiti, Mjerumani Hugo Enomiya-Lassalle, aliyenusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, akahangaika mpaka kanisa kuu la kumbukumbu ya amani likajengwa mjini humo, na akaketi zazen, yaani kuketi kwa Zen, sehemu kubwa ya maisha yake bila kuvua upadri. Kwa ndugu zangu Waislamu sitatoa fatwa, muulize unayemwamini.

Kuketi kwenyewe hakuna siri. Katika Sōtō, mojawapo ya shule za Zen, iliyoletwa Japani na mtawa Dōgen aliyeishi kati ya 1200 na 1253, unaketi juu ya mto wa duara ukiuelekea ukuta. Mgongo wima. Macho nusu wazi, yakiangalia chini. Mkono wa kushoto juu ya wa kulia, vidole gumba vinagusana kwa mbali sana; ukisinzia vinaanguka, ukikaza akili vinasukumana na kupanda juu, kwa hiyo mtawa anayepita nyuma yako anajua hali yako bila kukuuliza. Ana fimbo bapa ya mbao. Ukiona usingizi unakushinda, unaunganisha viganja, anakugusa bega la kulia, unainamisha kichwa, linakuja pigo moja lenye sauti kubwa kuliko maumivu. Muda unapimwa kwa kijiti cha udi kinachoungua, kama dakika arobaini hivi. Kisha mnainuka na kutembea polepole, nusu hatua kwa kila pumzi, na huo mwendo ndio uliokuwa mgumu kwangu kuliko kuketi.

Nilichokipata hapo hakikuwa utulivu. Kunguru analia nje. Kabla sijamaliza kumsikia, kichwa kimeshasema: kunguru, Dar nao wapo, wale wa Bara Hindi, serikali ilisema itawamaliza, hivi nilifunga dirisha la jikoni? Yote hayo ndani ya pumzi moja. Ukiketi vya kutosha hadithi haziachi kuja, ila unaanza kuona mahali kunguru anapoishia na hadithi inapoanzia. Mwandishi wa haiku anahitaji kukijua kimpaka hicho, kwa sababu kazi yake ni kuandika upande wa kunguru na kumwachia msomaji upande wa hadithi.

Asubuhi moja ya mvua niliandika hii nikiwa bado navaa viatu:

Miguu ganzi —
udi umeshakwisha,
mvua paani.

Lakini usiende kununua mto wa duara kwa kudhani kwamba haiku ni mtoto wa Zen. Bashō alijifunza Zen kwa mtawa Butchō, hilo ni kweli, na mwaka 1687 alikwenda hadi Kashima kutazama mwezi na kumtembelea. Mvua ikanyesha, mwezi ukafichwa. Ila Yamadera, kwenye ile haiku ambayo vitabu vya Ulaya na Marekani hupenda kuiita ya Zen, ni hekalu la madhehebu ya Tendai, si la Zen. Kobayashi Issa, aliyeandika juu ya nzi na konokono na watoto aliowazika, alikuwa wa Jōdo Shinshū, watu wa kuomba rehema ya Buddha Amida, wala si wa kuketi. Mshairi Buson alikuwa mchoraji. Masaoka Shiki, ambaye ndiye aliyelifanya jina la haiku litumike kama tulijuavyo leo, miaka ya 1890, alisisitiza kuchora kitu kilivyo kwa maneno, na aliandika miaka yake ya mwisho akiwa kitandani kwa kifua kikuu hadi alipofariki mwaka 1902. Sifa ya haiku kuwa Zen ilienezwa sana na Mwingereza R. H. Blyth kwa juzuu zake nne za kati ya 1949 na 1952. Ni msomaji mkubwa, nina deni kwake, ila alikuwa na miwani yake.

Ukitaka aliyekuwa mtawa wa Zen kwelikweli, msome Taneda Santōka. Mama yake alijitupa kisimani yeye akiwa mdogo, biashara ya pombe ya familia ikafilisika, naye mwenyewe akaizoea pombe. Mwaka 1924 alisimama mbele ya tramu mjini Kumamoto. Ilifunga breki, watu wakampeleka hekaluni, na mwaka uliofuata akawa mtawa. Kuanzia hapo akatembea Japani akiomba chakula kwa bakuli, akiandika mashairi ambayo hata hayahesabu sauti: anapenya milima, anapenya tena, na milima bado ni ya kijani. Alifariki Matsuyama mwaka 1940. Hakuacha kunywa. Namtaja kwa ajili ya wale wanaodhani lazima kwanza wawe watu wazuri.

Tumia kuketi kama mazoezi, si kama mada. Kengele ya hekalu, mtawa mzee, mwezi juu ya ziwa: toa. Hivyo ni vya Wajapani, na wao wenyewe wamechoka navyo.

Tuje kwenye lugha, kwa maana hapa Mswahili ana mtaji ambao Mwingereza hana. Haiku huhesabiwa sauti tano, saba, tano, na sauti hizo ni karibu sawa na mizani zetu. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda konsonanti ifuatwe na irabu, na irabu mbili ni hesabu mbili: "taa" ni mizani mbili, na Tōkyō kwao ni nne. Mtu aliyelelewa na tarbia hahitaji kufundishwa kuhesabu. Angalia tu ile "m": katika "mtoto" inasimama peke yake na kuhesabiwa, katika "mbuzi" imeungana na b na haihesabiwi. Vina sahau kabisa. Najua kuna watakaosema lisilo na vina si shairi. Ubishi huo ulipamba moto Tanzania tangu miaka ya 1970 na sitauchochea hapa. Kwenye haiku kina kinafunga mlango ambao ulitakiwa ubaki wazi.

Kinachohitajika ni majira. Wajapani wana makamusi mazima ya vitu vya majira, na haiku ya desturi huwa na kimoja. Tengeneza orodha yako. Ya kwangu ina kusi na kaskazi, masika na vuli, embe dodo zilizorundikwa barabarani, mkrismasi ukiwaka mwekundu Desemba, mijakaranda ya Arusha, senene za Bukoba Novemba na taa za kuwatega, kumbikumbi baada ya mvua. Ukiandika "kumbikumbi" umeshasema mvua imekatika, ni jioni, taa zimewashwa, watoto wako nje. Neno moja, kazi ya ubeti mzima.

Hii ilianza hivi daftarini:

Usiku mwema —
kumbikumbi warembo
wanipendeza.

Mizani ziko kamili na hakuna kitu ndani. "Mwema" ni hukumu yangu, "warembo" ni hukumu yangu, "wanipendeza" ni mimi tena. Msomaji hajaachiwa hata pa kusimama. Nikarudi kwenye kile nilichokiona kwa macho: duka la jirani, balbu moja, wadudu wameshaanguka na kuacha mbawa kila mahali, hata juu ya sahani ya ile mizani ya kupimia sukari. Kwa muda mrefu nilikuwa na "sukari" mstari wa mwisho. Nikaitoa. Ikawa:

Taa ya duka —
mbawa za kumbikumbi
kwenye mizani.

Isome kwa sauti. Mukai Kyorai, mwanafunzi wa Bashō, ameandika kwamba mwalimu aliwataka waizungushe ulimini mara elfu haiku isiyokaa sawa. Mimi huzungusha nikiwa naosha vyombo.

Mwisho, tafuta watu. Haiku ilizaliwa ndani ya mashairi ya kupokezana, na mpaka leo Wajapani hukutana kwenye kukai, kikao cha kusomeana haiku na kuzipigia kura. Nilikaribishwa kwenye moja, ukumbi wa mtaa, wazee watupu, chai na biskuti za mchele. Kila mtu anaandika haiku zake kwenye vikaratasi bila jina. Vinachanganywa, vinanakiliwa upya ili hata mwandiko usimfichue mtu. Kila mmoja anachagua anazozipenda, zinasomwa kwa sauti, na ni baada ya hapo tu mwenye haiku anajitaja. Bibi mmoja alimnyima kura mumewe bila kujua; jina lilipotajwa ukumbi mzima uliangua kicheko, mzee akajimiminia chai.

Sisi tunafanya kwa WhatsApp. Mtu mmoja anapokea haiku zote kwa faragha, anazibandika kundini bila majina, watu wanapiga kura na kusema kwa nini. Ile ya kumbikumbi ilipata kura chache. Mwenzetu mmoja ana duka, naye aliandika kwamba hizo mbawa zisipopanguswa mteja atadai anapunjwa, na kwamba duka halina "taa", lina taa ya kuchaji, maana umeme huwa umekatika. Tulibishana hadi usiku. Ukianzisha kundi lako, weka sharti hili tangu siku ya kwanza: mwenye haiku haruhusiwi kuieleza mpaka wengine wote wamemaliza kuisema.